Kwa ajira mpya: bandueni hilo tangazo la namba

Wadogo zangu mlioripoti kituoni juzi, mbukwenyi. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye usimamizi shirikishi, ile ziara ya kukagua vituo na kuelekezana, tukaingia zahanati moja ya huku kwetu Dodoma. Ukutani kuna karatasi, herufi kubwa: NAMBA ZINATOLEWA SAA 1 HADI SAA 3 ASUBUHI. HAKUNA UPENDELEO. Mganga mfawidhi, kijana wa juzi tu, akanionyesha huku anatabasamu. Nilitaka kumfinya sikio. Kisha nikakumbuka kwamba tangazo kama lile niliwahi kulibandika mimi mwenyewe, na hata maneno yalikaribia kufanana.

1. Foleni iliyonyooka si lazima iwe ya haki.

Nilikuwa tabibu peke yangu, na nesi mmoja. Watu wanagombana mlangoni, wakubwa wa kijiji wanapitia dirisha la dawa. Nikakata maboksi ya glovu, nikaandika 1 hadi 40, nikatangaza: anayewahi ndiye anayetibiwa, awe mwenyekiti au mchunga ng'ombe. Kijiji kikanisifu mno. Sikujiuliza ni kijiji gani hicho kinachosifu. Walikuwa ni wale wanaoiona zahanati kutoka uani kwao. Wa ng'ambo ya korongo hawakuwepo hata kwenye kusifu.

Februari moja, saa nne imeshapita, akafika mama kutoka ng'ambo hiyo, mtoto wa miezi minane mgongoni. Namba zimekwisha. Sikumfokea. Nilisema kwa upole kabisa, "Mama, wahi kesho." Afadhali ningemfokea, labda angenijibu, labda nesi angeingilia. Mtoto sikumfunua. Kuhesabu pumzi ni dakika moja. Umri ule, 50 au zaidi kwa dakika ni kasi, na hilo nililijua tangu chuoni. Sikuhesabu kwa sababu hakuwa na kikaratasi cha boksi.

Nikadhani amerudi kwao. Hakurudi. Kwao ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na mvua ilikuwa inajikusanya juu ya korongo. Alilala nyuma ya zahanati, kwenye kibanda wanakopikia ndugu wa wazazi, ili kesho awahi kama nilivyomwambia. Alfajiri nafungua mlango, yuko wa kwanza. Akanyoosha mkono achukue namba. "Leo nimewahi, daktari."

Mtoto kifua kinabonyea, hanyonyi, midomo imebadilika rangi. Oksijeni hatuna. Nikachoma dozi ya kwanza ya sindano, nikapiga simu ya gari la wagonjwa, gari liko gereji. Tukakodi pikapu ya mnunuzi wa alizeti.

Mtoto alipona. Msinipongeze. Matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano ni bure, sawa, lakini pikapu haikuwa bure, wala chakula cha mama siku zote alizokaa wodini, na palizi ya uwele haikumsubiri. Waliuza mbuzi wanne. Baadaye mume wake akaja na kuku kunishukuru. Nikampokea, maana kumrudisha ingekuwa kumtukana yule mzee, ila kumchinja huyo kuku nilishindwa. Aliishi pale kituoni akinitazama mpaka nikahamishwa.

2. Safu ya makazi kwenye MTUHA namba 5, lile daftari la wagonjwa wa nje, haikuwekwa kujaza ukurasa. Usiku ule nilipekua miezi mitatu nyuma. Wagonjwa wa ng'ambo ya korongo niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi kila mwezi nilikuwa natuma ripoti wilayani nikijisifu kwamba huduma inakwenda vizuri. Basi upendeleo uwepo: dalili nne za hatari kwa mtoto ziangaliwe pale pale kwenye benchi kabla ya namba yoyote (hanyonyi, anatapika kila kitu, degedege, amelegea au hana fahamu), pumzi zihesabiwe kwa anayekohoa, na aliyetoka mbali asiondoke bila kuonwa. Anayelalamika mwambie asogee kwangu nimweleze.

3. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha wa kulipia matibabu. Usimrudishe kijijini kufuata barua ya mtendaji. Mpigie mtendaji mwenyewe: simu unayo, na vocha ya kuangalia mpira unapata.

4. Kuchangisha bima Januari ni kupoteza mafuta ya pikipiki. Iwe CHF, ule mfuko wa afya ya jamii uliokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, iwe bima ya afya kwa wote chini ya sheria ya 2023, hela ya mkulima wa huku inaonekana akishavuna. Januari ghala limebaki mavumbi na panya wawili.

5. Lugha. Kuna Kigogo, ukienda Kondoa kuna Kirangi, Chemba utakutana na Kisandawe na ulimi wako utaomba likizo. Tafuta mhudumu wa afya wa jamii akutafsirie, siyo mtoto wa mgonjwa. Mimi nilimtumia kijana wa darasa la nne kwa mama yake. Kila nilichouliza, jibu ni "anasema tumbo." Nikatibu tumbo. Ziara ya tatu nesi aliyetoka likizo akaongea naye mwenyewe, kumbe mama anatokwa damu, na kitu hicho mtoto wa kiume hawezi kukitamka mbele ya mama yake.

6. Macho. Kongwa wamechunguzwa trakoma (ugonjwa wa vikope) tangu miaka ya 1980, na ambao kope zao hupindia ndani zaidi ni wanawake, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wenye ugonjwa. Kabla ya kuhubiri kunawa uso, uliza maji yako wapi na nani anayeyachota.

Na wewe kijana wa tangazo: gundi uliyotumia ni kali, tumelibandua kwa kisu na plasta imetoka nayo. Rangi utanunua wewe.