Tulihangaikia mifupa ya binti yetu, tukayasahau meno yake

Binti yangu alizaliwa na mfupa wa paja uliovunjika, na kwa miaka miwili ya mwanzo sikupata nafasi ya kufikiria kitu kingine chochote isipokuwa mifupa. Ugonjwa wake, wa kuzaliwa na mifupa inayovunjika kwa urahisi, unaitwa osteojenesisi impafekta, nao humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Meno yake yalipoanza kuota yakiwa ya kijivu chenye kahawia, yakipitisha mwanga kama ukucha, nyumbani hakuna aliyeshtuka. Tunaishi Arusha, ambako vyanzo vingi vya maji vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia si habari. Bibi yake alisema ni maji, jirani akasema ni vidonge vya kuongeza damu nilivyomeza nikiwa mjamzito, nami nikaamini yote mawili, nikazidi kumsugua meno kwa nguvu.

Laiti ningejua tofauti iliyopo. Floridi huacha madoa na mabaka kwenye enameli, lile tabaka gumu la juu, ilhali kwa binti yangu rangi ilitoka ndani ya jino lenyewe. Sehemu kubwa ya jino ni dentini, tabaka lililo chini ya enameli, na dentini hujengwa kwa kolajeni, protini ya aina ileile inayojenga mfupa, kwa hiyo hitilafu katika jeni ya COL1A1 au COL1A2 inayodhoofisha paja inaweza kulidhoofisha na gego. Enameli huota ikiwa karibu sawa na ya mtoto mwingine, ila imekalia msingi usioishika vizuri, hivyo hubanduka vipande vipande kama lipu kwenye ukuta wa udongo, na dentini ikishabaki wazi husagika upesi. Si kila mwenye ugonjwa huu hupata tatizo hilo. Huonekana zaidi kwa wenye aina ya 3 na ya 4 kuliko aina ya 1, na meno ya utoto ndiyo huathirika zaidi.

Alipotimiza miaka mitatu, magego yake yalikuwa yamesagika hadi karibu na ufizi, wala hakuwa amelalamika hata siku moja. Baadaye nilielezwa kwamba nafasi ya neva katika meno ya namna hii huelekea kujaa dentini na kuziba, ndiyo maana jino linaweza kuisha pasipo maumivu. Kliniki ya kwanza iliyaziba, na vizibo vikadondoka baada ya wiki chache kwa kukosa pa kushika. Daktari wa meno ya watoto tuliyempata baadaye aliyavika magego yaliyosalia kofia za chuma, akasema kwa upole kwamba kazi hiyo ilipaswa kufanywa kabla hayajasagika. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mpeleke mtoto jino la kwanza linapochomoza, au asipitishe mwaka mmoja, hata kama unaona meno ni meupe.

Kwenye kiti cha daktari, mzazi ndiye mwenye sauti. Mazoea ya kumbana mikono mtoto anayelia yanaweza kumvunja mkono, na hata mkanda wa kupimia shinikizo la damu umewahi kuwavunja mifupa wagonjwa wa aina hii. Mimi husema kabla hajakaa: asishikwe kwa nguvu, shingo isikunjwe nyuma, taya lishikiliwe kwa kiganja jino linapong'olewa. Wengine huniona msumbufu, nami nimeshazoea.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni dripu za kuimarisha mifupa, yaani dawa za kundi la bisfosfoneti. Tangu mwaka 2003 imeripotiwa kwamba baadhi ya watu wazima wanaozitumia, hasa wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa, hupata kidonda cha taya kisichopona baada ya kung'olewa jino. Kwa watoto wenye ugonjwa huu si tatizo la kawaida, lakini busara ni meno yote yachunguzwe, na linalohitaji kung'olewa ling'olewe, kabla ya dripu ya kwanza. Daktari wa mifupa hakuuliza habari za meno, na wa meno hakuuliza habari za dripu. Siku hizi natembea na daftari moja lenye tarehe za dripu, mivunjiko na picha za eksirei, nalitoa kwa wote wawili.

Sasa ana miaka tisa. Meno ya mbele ya kudumu yameota yakiwa na rangi nafuu zaidi, ingawa taya la chini limeanza kutangulia mbele ya la juu, jambo la kawaida kwa wenye ugonjwa huu. Tumeshauriwa tusikimbilie nyaya za kunyoosha meno, kwa kuwa gundi yake inaweza kuondoka na enameli siku ya kuzibandua. Mwezi ujao tunarudi kupiga picha ya mataya, na daftari liko tayari kwenye mkoba.