Wikendi moja Luxemburg na rafiki: msijaribu kuimaliza nchi

Rafiki akija kukutembelea Ujerumani, na ratiba zenu zikabakiza wikendi moja tu ya kutembea, mpeleke Luxemburg kabla ya kufikiria Paris. Siku mbili za Paris huishia kwenye foleni. Luxemburg ina kilomita za mraba 2,586, karibu sawa na Unguja na Pemba ukizijumlisha, na tangu mwishoni mwa Februari 2020 usafiri wa umma nchi nzima ni bure: basi, tramu na treni, awe mwenyeji au mgeni. Hukati tiketi, unapanda tu. Analipa anayetaka daraja la kwanza kwenye treni.

Ila ubure huo una mtego wake. Kwa kuwa kupanda hakuna gharama, watu hupanga miji mitano kwa siku moja, na jioni ukiwauliza waliona nini, wanakutajia vituo vya basi. Ninaokuwa nao nawaambia hivi: Jumamosi ni ya mji mkuu, Jumapili ni ya sehemu moja nje ya mji. Basi.

Kwanza makaratasi, maana hapo ndipo wageni wetu hupata hofu. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, aliyopewa na ubalozi wa Ujerumani inamruhusu kuingia Luxemburg pia, na kuvuka huku hakuhesabiwi kutoka na kuingia upya, hata kama viza yake ni ya kuingia mara moja. Hata hivyo abebe pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na mnaporudi askari wanaweza kupita kwenye behewa lenu. Wewe mkaazi nawe chukua pasipoti na kibali chako. Nauli ya kuvuka mpaka bado inalipwa. Kutoka Trier, mji wa Ujerumani ninakoishi, safari kwa treni ni takriban dakika 50.

Halafu hela. Hili watu hulionea haya, na haya hiyo imeharibu urafiki mwingi. Mgeni anatoka Dar na shilingi zilizobadilishwa kwa uchungu, mwenyeji anabeba boksi na kulipa kodi ya nyumba kila mwezi, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye nafuu. Mimi hulisema kabla hatujalipia vitanda: malazi ni juu yangu, chakula kila mtu na chake, viingilio tunagawana. Mkishakubaliana hivyo, hakuna atakayeketi mgahawani akiogopa kuagiza. Malazi yenyewe si lazima yawe hoteli. Kuna hosteli ya vijana bondeni Pfaffenthal, safi, na kutoka hapo mnafika mji wa kale kwa miguu. Hoteli nazo mara nyingi hushuka bei wikendi, kwa sababu wateja wao wakubwa ni watu wa benki na ofisi za Umoja wa Ulaya, ambao Ijumaa huondoka.

Jumamosi asubuhi anzeni na Chemin de la Corniche, njia ya miguu juu ya kuta za zamani. Chini yenu kuna mto Alzette na mtaa wa Grund, nyumba zake zimebanana kando ya maji. Kisha ingieni kwenye mahandaki ya mwamba wa Bock. Waspania walianza kuyachimba mwaka 1644, na watawala waliofuata wakaendelea kuyapanua. Mkataba wa London wa 1867 uliamuru ngome ibomolewe, na kazi hiyo ilichukua miaka, lakini si mahandaki yote yaliyoweza kulipuliwa bila kuuhatarisha mji uliokaa juu yake. Kwa hiyo kilomita 17 zimebaki hadi leo, na mwaka 1994 UNESCO iliuweka mji wa kale na ngome yake kwenye orodha ya urithi wa dunia. Vaeni sweta hata kama nje kuna jua. Ndani ni baridi na ngazi ni nyembamba. Msikimbie humo. Simameni kwenye matundu ya mizinga mtazame bonde, mtaelewa kwa nini kila dola ya Ulaya iliutaka mwamba huu.

Mchana shukeni Grund kwa lifti ya umma, nayo ni bure. Jioni pandeni lifti ya vioo ya Pfaffenthal. Mtaa wa Kirchberg, wenye mahakama na benki za Umoja wa Ulaya, tazameni kupitia dirisha la tramu, inatosha.

Kwenye chakula, kwa asiyekula nguruwe: ulizeni kabla ya kuagiza. Chakula wanachojivunia sana, Judd mat Gaardebounen, ni shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, pamoja na maharage. Mkikuta Gromperekichelcher, hivyo ni viazi vilivyokunwa, vikachanganywa na vitunguu na mayai, vikakaangwa. Vinaliwa vikiwa vya moto.

Jumapili mchague. Vianden ina kasri juu ya kilima na mto Our chini yake. Victor Hugo alikaa katika mji huo mwaka 1871 baada ya kufukuzwa Ubelgiji, na nyumba aliyopanga sasa ni makumbusho. Mnakwenda kwa treni, kisha basi. Kwa uzuri wa macho, Vianden inashinda.

Lakini kwa rafiki aliyehangaikia viza, mimi huchagua Schengen. Ndiyo, ni kijiji, kidogo kabisa, chenye mizabibu, kando ya mto Moselle. Tarehe 14 Juni 1985, juu ya meli Princesse Marie-Astrid, nchi tano zilitia saini hapo makubaliano ya kuondoa ukaguzi kati yao: Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxemburg na Uholanzi. Rafiki yangu alikuwa ameomba viza hiyo akanyimwa, akaomba tena. Alipolikuta jina lile kwenye kibao cha barabarani alifungua pasipoti akalilinganisha na stika, akakaa ukingoni muda mrefu. Sikumharakisha. Ng'ambo ya daraja ni Perl, Ujerumani, na upande wa huku ukiendelea kidogo kwa miguu unaingia Ufaransa.

Kutoka Perl kuna treni ya kurudi Trier. Ratiba ya Jumapili huwa na safari chache, kwa hiyo itazameni Jumamosi usiku kabla ya kulala, na basi la kwenda Schengen mlichague kulingana na saa ya treni ya kurudi.