Muulize Fundi: Sumaku ya kishikio imenivurugia kamera

SWALI: Fundi, shikamoo. Napeleka wageni kwa mashua kutoka Shela hadi Manda Toto, na huwapiga video kwa simu. Mara nyingine hizo video ndizo zinazonilipa kuliko nauli. Mwezi uliopita nilinunua kishikio cha sumaku nikakifunga mlingotini. Tangu hapo picha zatetemeka kama mpigaji ana homa, na nikiinamisha sikio nasikia kamera yalia "zzzz". Fundi mmoja ameniambia kamera imekufa, nitoe shilingi elfu saba aibadilishe. Ajabu ni kuwa nikiibandua simu nikaishika mkononi, inatulia. Nifanyeje?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo elfu saba zibaki mfukoni kwanza. Kamera iliyokufa haifufuki kwa kubanduliwa mlingotini, na wewe mwenyewe umeliona hilo kabla yangu.

Lenzi ya simu kama yako haikugandishwa mahali pamoja. Imening'inizwa kwa springi na waya nyembamba mno, na kando yake pana sumaku ndogo na koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Mkono ukitikisika, simu hupitisha umeme kwenye koili, lenzi ikasukumwa upande wa pili ili picha itulie. Sasa, simu itajuaje lenzi imefika wapi? Pana kihisi kinachopima nguvu ya ile sumaku ndogo: ikikaribia, kipimo hupanda, ikienda mbali, hushuka. Aghalabu ni kihisi cha Hall, kwa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyeona mwaka 1879 kwamba umeme unaopita kwenye bamba jembamba la dhahabu, ukiwekewa sumaku, husukumwa ukingoni, na ukipima kutoka ukingo huu hadi ule utapata volti kidogo.

Shida ni kwamba kihisi hicho hakijui sumaku ni ya nani. Wewe ni mtu wa chombo, utanielewa upesi: nahodha hakubali mtu aweke panga karibu na dira. Dira haina ubovu wowote, ila imekiona chuma kilicho jirani ikakifuata. Ndivyo kihisi chako kinavyoisoma sumaku ya kishikio, kikaripoti kuwa lenzi imekwenda kushoto na hali haijaenda. Simu inaivuta kulia, inavuka mpaka, inairudisha, inavuka tena. Mlio unaousikia ni huo mvutano. Tena sumaku kubwa huvuta hata zile sumaku za lenzi zenyewe, kwa hiyo simu yapigana na maadui wawili.

Juzi nilijaribu hapa dukani Malindi kwa simu ya binti yangu (aliruhusu kwa masharti). Niliiegemeza kwenye birika, kamera ikitazama kalenda ya ukutani, nikachukua sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Kwa umbali wa shubiri hapakutokea kitu. Vidole vinne, tarehe zikaanza kuogelea. Vidole viwili, nikasikia "tik", Ijumaa yote ikaruka pembeni na maandishi yakafifia. Nilipoiondoa sumaku, Ijumaa ikarudi mahali pake.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni umbali, na umbali ni rahisi kuliko unavyodhani. Nguvu ya sumaku ndogo hushuka kwa kasi: ukishakuwa mbali nayo kidogo, kila ukizidisha umbali mara mbili, inabaki takriban sehemu moja ya nane. Shusha kishikio kishike simu chini kabisa, mbali na kamera. Bora zaidi, kiache kabisa, utumie cha kubana chenye meno ya mpira. Ukishamaliza kishikio, tazama na kava: zile za kufunga kama pochi zina sumaku kwenye kifungo chake, na ukizikunja nyuma kifungo hukaa karibu na lenzi.

Wapo watakaokuambia uzungushie karatasi ya alumini. Hiyo ifungie samaki wako. Sumaku iliyotulia yapita kwenye alumini kama vile hakuna kitu. Plastiki na ubao navyo ni vivyo hivyo, havisaidii ila kwa unene wake. Chuma ndicho kinachofaa, kwa sababu huipa sumaku njia nyingine ya kupita. Lakini chuma hicho kikae kwenye kishikio, kiizibe sumaku yenyewe. Ukikibandika jirani na kamera, sumaku za lenzi zitakivutia hicho, nawe utakuwa umenunua tatizo la pili.

Watengenezaji nao hawakulala. Wengine huweka vihisi viwili: lenzi ikisogea, kimoja hupanda na kingine hushuka. Sumaku ya nje huviongeza vyote kwa kiasi kimoja, hivyo ukitoa kimoja kwenye kingine ile ya nje inafutika. Ni kazi ya akili, naiheshimu. Ila hufaa sumaku ikiwa mbali. Ikiwa imegusa mgongo wa simu, kihisi cha karibu hupata nyingi kuliko mwenzake, na hesabu inaharibika.

Ondoa kishikio, zima simu, iwashe, itumie siku mbili. Ikiendelea kulia bila sumaku yoyote karibu, hapo ndipo nitashuku springi au chumvi ya bahari, na hapo ndipo tutazungumza habari ya kubadilisha.

SWALI: Fundi, mimi ni wa bodaboda hapa Malindi. Simu yangu naifunga kwenye usukani kwa mpira tu, sina sumaku hata moja, lakini kamera imeanza kutetemeka. Kulikoni?
Msomaji, Malindi

JIBU: Wako ni mtikisiko wa injini. Mwaka 2021 Apple walitahadharisha kuwa mitetemo mikali ya pikipiki, inayopita kwenye fremu na usukani, yaweza kuharibu kamera zenye lenzi za kusogea, na simu za makampuni mengine zenye lenzi za namna hiyo hazina kinga ya pekee. Ramani isikilize kwa sauti, simu ikiwa mfukoni mwa shati.