Wakili wa Ofisi Ndogo na Ada Nafuu

SWALI: Mimi ni wakili wa kujitegemea mjini Singida. Wateja wangu wengi ni wajane wenye mashauri ya mirathi na wakulima wanaogombania mipaka. Nitawatozaje ada nafuu bila kufunga ofisi?

JIBU: Ndugu wakili, tenganisha kazi zako, yaani ushauri, kuandaa nyaraka na kusimama mahakamani, kila moja na ada yake inayotajwa mapema, ili mjane anayehitaji tu kuandikiwa ombi la usimamizi wa mirathi asilipie uwakilishi wa shauri zima. Shirikiana pia na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwa kuwa wao huwasikiliza wananchi vijijini lakini hawaruhusiwi kuwawakilisha mahakamani, hivyo watakuletea wale wanaohitaji wakili kwelikweli. Ili kupunguza gharama za ofisi, hukumu za mahakama za Tanzania utazisoma bure katika tovuti ya TanzLII. Hata hivyo, si haki mzigo huu ukuelemee peke yako: naamini kwa dhati kwamba Chama cha Mawakili Tanganyika kingeweza kuwapunguzia michango ya mwaka mawakili wanaothibitisha kuwahudumia maskini, na pendekezo hilo mnaweza kulipeleka kupitia kanda yenu.