Mpira wa watoto, picha zatoka ukungu

SWALI: Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka 9 anacheza mpira Maisara jioni, kila nikimpiga picha kwa simu anatoka kama kivuli, nikizumu ndo zinakuwa vipunje vipunje. Nifanyeje? Mama wa winga, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam dada. Kuzumu acha, simu nyingi hazivuti kitu hapo zinakata picha tu na kuikuza, bora utembee mwenyewe mpaka karibu na goli wanaloshambulia halafu uchutame, kamera iwe usawa wa kifua cha mtoto, maana ukipiga umesimama unaambulia utosi na vumbi. Huo ukungu ni shata, yaani ule muda kamera inapokea mwanga wa picha, inakwenda polepole. Kama simu yako ina sehemu ya Pro, ile ya kupanga kamera mwenyewe, weka shata 1/1000 ya sekunde, mwanga ukipungua shuka 1/500, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iache ipande yenyewe. Haina? Basi tumia ile ya kupiga mfululizo, katika 20 ukipata 1 ya maana shukuru, zilobaki futa usiku zisijaze simu.

Jua la baada ya laasiri liwe mgongoni kwako, hapo Maisara bahari iko magharibi kwa hiyo ukielekeza kamera baharini wote wanatoka weusi tii. Na kioo cha kamera ukifute kwanza kwa upindo wa kanga, mafuta ya vidole yale! Usigande na mpira tu pia, mie napenda zaidi kipa akivuta soksi iliyomshuka. Watoto wa wenzio usiwarushe mtandaoni bila kuwauliza wazee wao.