Ukitaka kijana wa boma la wafugaji awe tabibu, anza na fizikia ya form two

Mimi ni Mdatoga wa Mbulu, afisa tabibu, na kila mwaka matokeo ya form four yakitoka simu yangu hailali, wazazi wanapiga, ndugu yetu mtafutie kijana chuo cha afya. Ukiangalia cheti inauma jamani. Bailojia ana C, akili anazo, ila fizikia na kemia aliziacha alipoingia form three kwa sababu shuleni hapakuwa na mwalimu wa sayansi, na diploma ya utabibu inataka D nne kwenda juu, humo lazima kemia, bailojia na fizikia ziwepo. Hapo huna cha kubembeleza. Kwahiyo nyie mnaotaka kusaidia vijana wa jamii za wawindaji na wafugaji, Wahadzabe, Wabarabaig, Waakie, Wamaasai, msisubiri chuoni, nendeni form two mkawalipie hata tuisheni ya likizo.

Alafu karatasi. Ada ya sekondari hadi form four ilifutwa 2016, ila chuo kinalipiwa, na mkopo wa serikali kupitia bodi ya mikopo kwa diploma za afya, ulioanza 2023, unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Mtoto aliyezaliwa bomani au porini kule Yaeda Chini, kwa Wahadzabe huku Mbulu, anakitoa wapi? Anzeni kukifuatilia akiwa bado shule, mana dirisha la maombi likifunguliwa siku zinakimbia.

Kwanini nang'ang'ana hivi? Kuna mama alikuja zahanati na mjukuu wake wa kiume ndo amtafsirie, akawa anasema tumbo tu, tumbo tu, nilipomtoa kijana nje nikamsalimia mama kwa lugha yetu ndo akaniambia anatokwa damu muda mrefu. Angemwambiaje mjukuu? Na sisi Wadatoga tuna afadhali, Wahadzabe ni elfu moja na kidogo tu, lugha yao haina undugu na ya jirani yeyote, nesi wa kabila lingine hata kubahatisha hawezi.

Walimu wa vyuo nawaomba, huyu mtoto nyumbani anaongea lugha yake, msingi kasoma Kiswahili, sasa notsi zote ni Kiingereza, akikaa kimya darasani msimwite mzito, mwacheni aeleze mgonjwa kwa Kiswahili kwanza ndo aandike. Na fildi, yale mafunzo ya vitendo, mpangieni hata awamu moja zahanati ya kwao, wazee wamuone na koti jeupe wamzoee kabla hajaajiriwa.