Kadi ya "Black Stocking Nine": si timu halisi

Umeuliza kama wanawake walio kwenye kadi yako ya "Black Stocking Nine" walikuwa timu kweli, na kama kadi yenyewe ni halisi. Hapana, hao si wachezaji wa besiboli. Kadi za Virginia Brights (jina la sigara), zilizotiwa ndani ya pakiti na kampuni ya sigara ya Allen & Ginter mwaka 1886, zinaonyesha wanamitindo waliovalishwa sare na kupigwa picha studio. Itazame mipira "inayoruka": imening'inizwa kwa uzi, na kwenye baadhi ya kadi uzi wenyewe unaonekana. Lengo lilikuwa kuwauzia wanaume sigara, michezo ilikuwa kisingizio tu. Ukitaka mwanamichezo wa kweli wa enzi hiyo, tafuta Annie Oakley, mlenga shabaha, katika seti ya World's Champions ya 1887 (kadi 50, kampuni hiyohiyo).

Kuhusu uhalisi wa kadi yako: Virginia Brights ni picha halisi ya kamera iliyobandikwa juu ya kadibodi, rangi ya kahawia. Iangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vitone vilivyopangwa kwa mistari, ni nakala ya kisasa. Ila usitumie kipimo hicho kijuujuu kwa ile ya Oakley, kwani ilichapwa kwa mawe (litografia, yaani uchapaji wa wino kutoka kwenye jiwe bapa) na yenyewe ina vitone vya rangi, lakini vimetawanyika bila mpangilio. Kwa zote mbili, zima taa umulike kwa tochi ya urujuanimno: karatasi ikiwaka buluu-nyeupe, ina king'arisho (kemikali ya kufanya karatasi ionekane nyeupe zaidi) ambacho katika karne ya 19 hakikuwepo. Isipowaka bado si uthibitisho, maana karatasi kuukuu huuzwa na waghushi huitumia.